Kijiji cha Poland Juu ya Ramani ya Kochola

Vijana wangu mnaopima ardhi kwa simu na droni, kaeni vizuri, maana leo nataka kuwaeleza habari za kijiji kidogo cha Poland ambacho sijawahi kukikanyaga, na ambacho nakijua kuliko mtaa huu wa Manyatta ninapoishi siku hizi. Najua mnacheka. Mume wangu pia hucheka, na amezisikia habari hizi mara mia. Lakini kijiji hicho ndicho kilichonizuia kufanya kosa kubwa kuliko yote katika miaka thelathini na kitu ya kupima mashamba, na makosa madogo niliyoyafanya yangejaza gunia.

Kinaitwa Olszanka. Nimeambiwa vijiji vya jina hilo ni vingi kule kwao, kwa hiyo msiniulize ni kipi. Hiki kiko kusini, mahali nchi inapoanza kupanda kuelekea milimani. Chini kabisa kuna kijito, na kandokando yake imeota miti inayopenda maji, ambayo ndiyo iliyokipa kijiji jina. Barabara moja inafuata kijito, na nyumba zimejipanga kando ya barabara, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Kanisa liko katikati. Nyuma ya kila nyumba shamba linapanda mlima, jembamba, refu, bila kukatika, mpaka linapogota msituni huko juu.

Kumbukeni umbo hilo, maana tunaenda Asembo sasa hivi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa nimetoka kwenye meza ya kuchora ramani pale ofisini Kisumu, na nilikuwa mwanamke wa pekee aliyepewa timu ya kwenda nje. Mnaweza kuwaza nilivyojiona! Nilinunua buti mpya na kofia pana. Timu yenyewe ilikuwa ya watu wanne, na mkubwa wao alikuwa Mzee Okech, mshika cheni ya kupimia aliyekuwa amepima nusu ya mwambao huu kabla mimi sijazaliwa. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na macho.

Tulitumwa Kochola, kijiji kidogo karibu na Asembo Bay, kupima mashamba ili kila familia ipate hati. Tulifika kiangazi. Niliwauliza wanaume wa kijiji swali moja, shamba lako linaishia wapi, na wote wakanijibu jibu moja: "Mpaka nam." Yaani hadi ziwani. Vizuri. Nikashuka na cheni hadi maji yalipokuwa siku hiyo, nikachimbia mawe ya mipaka pale pale ukingoni, moja kwa kila shamba, kwa saruji safi. Mzee Okech alinitazama tu. Nikamuuliza kama kuna tatizo.

"Tatizo ni yako, Madam," akasema. "Mimi ni mtu ya cheni."

Mvua za masika zilipokuja, ziwa lilipanda kama linavyopanda kila mwaka, na tuliporudi mawe yangu yote yalikuwa yamezama. Wavuvi walikuwa wamefunga mashua kwenye mawili. Mmoja akapiga kelele toka mbali, "Madam Savea! Hiyo jiwe yako imeenda kuvua omena!" Kijiji kizima kilicheka. Nilicheka nao, lakini moyoni niliona haya sana. Mzee Okech ndipo aliponiambia kitu ambacho nawapa bure leo: usimuulize mtu shamba lake linaishia wapi. Mwambie atembee, wewe mfuate nyuma, na ukitaka kujua zaidi tembea na yule anayelima, si yule ambaye jina lake litaandikwa.

Sikumsikia. Nilikuwa na jambo kubwa zaidi kichwani.

Mnajua mashamba ya Kochola yalivyokaa? Kila familia ilikuwa na ukanda mrefu, unaoanzia barabarani juu mgongoni mwa kilima na kuteremka hadi ziwani. Mwembamba ajabu. Kanda nyingine ng'ombe wawili wakikutana, mmoja alilazimika kuingia kwa jirani. Nilipozichora kwenye karatasi zilionekana kama nyuzi za mkeka uliofumuka, na mimi nilisomeshwa kwamba shamba zuri ni mraba. Bosi wangu naye aliamini hivyo, na alikuwa na haraka. Basi nikachora mpango mpya. Kila familia ingepewa mraba mmoja mzuri, wenye ukubwa ule ule wa ukanda wake wa zamani au zaidi kidogo, na miraba ingegawanywa kwa kura ili pasiwe na upendeleo. Niliipenda ramani ile, jamani. Niliichora kwa wino mweusi na mwekundu, na jioni niliikunjua kuitazama vile mtu anavyotazama gauni la harusi yake. Kura ikapigwa. Bosi akaidhinisha. Ramani ikabandikwa kwenye kambi ya chifu, na watu wakapewa siku sitini za kuleta pingamizi kabla haijawa ya kudumu.

Siku za kwanza alikuja mtu mmoja tu, mjane aliyeitwa Min Apiyo, yaani mama yake Apiyo. Alikuwa na watoto watano na jembe moja. Kura ilikuwa imempa mraba wa juu, kando ya barabara.

"Madam, huku juu nitalima mawe?" aliniuliza.

Nikamwambia mraba wake ni mkubwa kuliko ukanda wake, na barabara iko mlangoni. Akanitazama, akaitazama ramani, akaenda zake bila neno. Mimi nikaandika moyoni kwamba ameridhika. Vijana, mtu wa huku akinyamaza mbele ya karatasi ya serikali, msiandike kwamba ameridhika.

Sasa mngojeeni Halina.

Halina alikuwa mpima ardhi kutoka Poland, mama wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mikono mikubwa. Kanisa lilikuwa limemleta kuweka mabomba ya maji kutoka kilimani hadi shuleni, na watu walimwita Nyar Poland, binti wa Poland, naye akiitikia kwa furaha. Kiswahili chake alijifunza kwa kuuliza majina ya vitu, kwa hiyo alijua majina ya mbegu zote na hakujua salamu za kutosha. Alikuja kwangu kuazima vipimo vya miinuko. Ramani yangu, nakala yake, ilikuwa mezani. Nikamwonyesha kwa majivuno, mwenzangu wa kazi, aone kazi safi.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye miraba ya juu, ile ya kando ya barabara, akaniuliza, "Hawa wa juu, wamekosa nini?"

Nikamwambia hawajakosa chochote, ni kura.

"Basi kwa nini umewafunga?"

Nilikasirika. Nilimwambia mashamba ya kanda ni ya kizamani, kwao Ulaya hakuna takataka kama hizo. Ee, alivyocheka! Alicheka mpaka akakaa chini. Akavuta karatasi yangu ya kupitisha mwanga, ile tuliyotumia kunakili ramani, akachukua penseli yangu, akaanza kuchora bila kuuliza. Kijito. Barabara. Nyumba. Na nyuma ya kila nyumba ukanda, na ukanda, na ukanda, mpaka msituni.

"Kwetu," akasema. "Olszanka."

Akanieleza, na mimi nikasahau kukasirika. Zamani sana, karne nyingi nyuma, bonde lile lilikuwa msitu mtupu. Bwana mwenye nchi aliwaita watu wenye mashoka, akampa kila mmoja kipande cha ukingo wa kijito na kumwambia apande juu akifyeka hadi atakapochoka. Kwa hiyo kila mtu alipata majani ya ng'ombe pale chini penye unyevu, halafu nyumba, halafu bustani ya kabichi, halafu udongo mzuri wa ngano nyeusi, halafu viazi penye mawe, halafu malisho, na juu kabisa kuni. Hakuna aliyepata kizuri tupu wala kibaya tupu. Baadaye wafalme wa majirani waliigawana Poland yote, nchi ikafutwa kwenye ramani ya dunia zaidi ya miaka mia moja, na Olszanka ikaamka siku moja ikiwa mali ya mfalme wa Austria. Kisha nchi ikarudi. Kisha vita, kisha vita tena, wanajeshi wa huku na wa kule wakipita kwenye barabara ile moja. Serikali zikabadilisha bendera na lugha ya karatasi. Kanda zilibaki pale pale, kwa sababu asubuhi baada ya kila vita watu walitoka nyuma ya nyumba na kulima.

"Zote zilibaki?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Katika siku za babu yake, kati ya vita viwili vile vikubwa, maofisa walikuja na mpango wa kufanya mashamba yawe miraba. Sehemu moja ya kijiji ilikubali. Babu yake akapewa mraba wa juu, chini ya msitu, mkubwa kweli kweli, wenye mawe. Akahamishia nyumba huko. Halina alizaliwa katika nyumba hiyo, na utoto wake wote alibeba ndoo kutoka kijitoni, akipita shamba la mtu mwingine kwa ruhusa ya mtu mwingine. Mwenye shamba la chini akigombana na babu, siku hiyo nyumbani hawakupika.

"Ndiyo mimi nikasoma kupima," akasema, akafuta mikono na kuondoka na vipimo vyangu.

Nilibaki na ile karatasi. Nikaichukua, nikaiweka juu ya mchoro wangu wa zamani, ule wa kanda za Kochola kabla sijaziharibu, nikaigeuza kidogo ili kijito chake kikae juu ya ziwa letu. Mungu wangu! Mistari ilikaa juu ya mistari. Si kwa vipimo, hapana, lakini kwa umbo ilikuwa kijiji kimoja. Watu wa mashoka wa huko na watu wetu hawakuwahi kusikiana, na wamekata nchi kwa njia moja. Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Mwili ulinisisimka hadi nikashindwa kukaa.

Asubuhi nikamfuata Mzee Okech, nikamwambia nimekuja kusikia. Hakunicheka, Mungu amweke pema. Alinipeleka kwa Min Apiyo, nami nikamwomba mama huyo atembee shamba lake, nimfuate.

Tulianzia barabarani. Pale juu palikuwa na changarawe, na alipanda mtama na njugu, vitu visivyoogopa mawe. Tukateremka hadi udongo mwekundu, mahali pa mahindi na nyumba yake, na kaburi la mume wake. Chini yake udongo mweusi unaonata, wa viazi vitamu. Na chini kabisa tope la ziwa, ambalo maji yakirudi nyuma wakati wa kiangazi huacha rutuba mpya, na hapo alilima sukuma wiki na osuga, mboga zilizolisha watoto wake miezi ambayo kila kitu juu kilikuwa kimekauka. Shamba moja, mashamba manne. Nikamuuliza ni nani aliyepanga hivi.

"Babu za mume wangu walikuja ndugu wengi," akasema. "Walisimama huko juu wakiwa wamepanga laini. Kila mtu akateremka mbele yake mpaka akanyage maji. Ndio hakuna mtu ataomba mwingine ruhusa ya kunywa."

Nikamuuliza tena, sasa nikiwa na aibu ya mawe yangu, ziwa likipanda sana inakuwaje?

"Kwani ni nani haliwi? Kila mtu analiwa mkia, ile ya chini. Mimi naliwa mkia, jirani analiwa mkia. Inarudi, tunapanda."

Nikasimama katikati ya viazi vyake. Nilikuwa nimepanga familia saba kwenye miraba ya ukingoni. Ziwa lingepanda kweli kweli, hao saba wangeliwa kichwa na miguu, na wale wa juu wangebaki na mawe na kiu. Mimi mwenyewe ndiye niliyefanya hivyo, kwa wino wa rangi mbili.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Nikaenda kwa bosi. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia ramani imebandikwa, mpima hapingi ramani yake mwenyewe, na nikifanya hivyo hadharani nitarudi kuchora mezani. Pingamizi ni la wenye mashamba. Na wenye mashamba waliogopa muhuri. Nilizunguka nyumba hadi nyumba, na wanaume wakaniambia, "Lakini ni wewe ulileta hii kitu, Madam." Ilikuwa kweli. Min Apiyo ndiye aliyetia kidole gumba chake kwenye fomu ya kwanza. Kisha akaishika ile fomu mkononi, akaenda nayo kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, na hakuna mwanaume aliyetaka kuonekana mwoga mbele ya mjane mwenye wino kidoleni.

Kikao kilifanyika katika darasa la shule ya msingi. Kamati ya wazee wa kijiji ilikaa mbele kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu. Bosi alikuwepo. Halina alikaa nyuma, amevaa gauni la kanisani. Min Apiyo aliitwa, akasema maneno yake machache ya mawe na maji, akakaa. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza mimi, kama mpima, kama mpango una kasoro.

Nilimtazama bosi. Nikasema, "Kasoro iko, na ni yangu." Nikatandika mchoro wa kanda, nikaweka karatasi ya Halina juu yake, nikawaita wazee wasogee. Walikusanyika wote, wakisukumana. Mmoja akafuata ukanda wa Olszanka kwa ukucha kutoka msituni hadi kijitoni, polepole, kisha akageuka nyuma.

"Nyar Poland! Hata nyinyi mnalima hivi?"

"Hata sisi," akasema Halina. "Waliofungwa juu, wengi walihama. Nyumba ya babu yangu sasa ni miti."

Kisha wazee wakaanza kubishana kwa Dholuo, kwa sauti, wote kwa pamoja, na nilijua tumeshinda kabla hawajapiga kura, kwa sababu walikuwa wanabishana juu ya nani atateremka wapi kwenye ukanda wake. Kanda zilirudi. Mawe ya mipaka tuliyaweka juu na kati tu. Na chini, badala ya jiwe, Mzee Okech alinishauri niandike maneno: hadi ziwani, popote ziwa litakapokuwa. Bosi alitia sahihi, na baada ya mwezi akatimiza ahadi yake. Nilikaa mezani miaka mitatu nikichora ramani za watu wengine, na nilikuwa mchangamfu kiasi kwamba wenzangu walidhani nimepandishwa cheo.

Ndipo tufike miaka hii ya karibuni, ambayo nyinyi mmeiona wenyewe. Ziwa lilipanda kwa namna ambayo hata wazee hawakuikumbuka. Luanda Kotieno, Kisumu, kila mahali maji yaliingia majumbani, hoteli zikazama, watu wakahama na magodoro vichwani. Nilikuwa nimestaafu. Nilisikia redioni majina ya fuo na sikulisikia jina la Kochola, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Nikapanda gari kwenda huko nikiwa na buti mkononi.

Min Apiyo alinikuta njiani. Sasa ni mzee sana, anatembea kwa fimbo, lakini ulimi bado ni ule ule. Hakunisalimia. Alinishika mkono akaniteremsha moja kwa moja, changarawe, udongo mwekundu, nyumba, kaburi, viazi, na pale viazi vilipoishia maji yakaanza. Aliingia hadi magotini akanivuta nami.

"Hapa ilikuwa sukuma," akasema, akipiga maji kwa fimbo. "Imeenda yote. Ya jirani pia, angalia pale. Ya yule pia. Ya mwenyekiti nayo, imeenda mpaka kwa ndizi!" Alicheka kwa ile ya mwenyekiti.

Niligeuka nikatazama juu. Kuanzia mwanzo wa kijiji hadi mwisho wake, nyumba zote zilikuwa pale, zimesimama kwenye udongo mwekundu, milango wazi, moshi wa chakula cha mchana ukitoka jikoni. Nilisimama ndani ya ziwa nikacheka, nikalia, nikacheka tena, na Min Apiyo akaniuliza kama Manyatta imeniharibu kichwa. Kila familia ya Kochola ilikuwa imepoteza ardhi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akifunga mizigo.